Mkono Nilioinua Ukutani

Baada ya hitima ya baba, kaka yangu Athman aligawa vitu vyake vichache. Kofia ya vito aliichukua yeye mwenyewe, msahafu ukaenda kwa mjukuu wa kwanza, na mimi, niliyekuwa nimesharudi Nairobi, nikaletewa kifurushi kwa mkono wa abiria wa basi. Nilidhani ni samaki mkavu. Nilipofungua gazeti nikakuta kitanzi cha kamba ya makumbi, cheusi kwa jasho, kile alichokuwa akitia miguuni ili nyayo zake zibane shina la mnazi. Nilikuwa najitayarisha kwenda mazoezini, vidole vitatu nimeshavifunga plasta. Nikakaa kitako sakafuni nikakinusa. Kilinuka makumbi yaliyoozeshwa matopeni, kikanuka moshi wa jiko la mama na shingo ya baba akirudi nyumbani adhuhuri. Siku hiyo sikwenda mazoezini.

Maziko yake sikuyawahi. Sisi maiti hatumngojeshi msafiri, na mimi nilikuwa nchi ya watu, kwenye mashindano. Kazi yangu ni kukwea kuta. Najua inavyochekesha, msijizuie. Kuna kuta zilizojengwa makusudi, zimeinama kama zinataka kukuangukia, zimepigiliwa vishikio vya rangi rangi, na chini kumetandikwa magodoro manene. Hakuna kamba. Unapewa dakika chache, unafika juu au unaanguka, kisha unakwenda ukuta mwingine. Nimekwea hivyo Afrika Kusini, nimekwea Uturuki na Ufaransa, na huo ndio mkate wangu. Wenzangu wamekulia kwenye milima. Mimi natoka Pate, na visiwa vyetu ni tambarare kama mkeka. Vilima tunavyojivunia ni vya mchanga kule Shela, na hivyo huvikwei, vinakuingia viatuni tu.

Lakini baba yangu alikuwa mkwezi. Aliitwa Kombo Mkwezi kuanzia Chundwa mpaka Mtangawanda, na hakukuwa na mnazi uliomshinda.

Nyinyi wa rika langu mliokulia huko mnakumbuka adabu ya kazi ile. Mkwezi hakwei kimyakimya mnazi ulio karibu na nyumba za watu, kwa sababu akifika juu kila ua uko wazi mbele yake. Ataona anayekoga na anayesuka, ataona aliyejilaza na kanga moja kwa joto. Kwa hivyo husimama kwanza shinani akaita, "Mkwezi! Sitirikani!" Wanawake wakishajifunika, mmoja wao hujibu, "Kwea!" Kama hawako tayari, husema, "Bado!" na mkwezi hungoja, hata jua la saa saba likimchoma utosi. Asiyengoja huitwa mchunguliaji, na mchunguliaji haitwi tena na mtu.

Nilipokuwa na miaka tisa, baba alianza kunichukua kazini. Mama hakupenda.

"Mwana wa kike na minazi, wapi na wapi?"

"Hakwei," baba alimjibu. "Huokota."

Mimi nikajua nimependwa. Athman alikuwa mkubwa kwangu na alikuwa na nguvu za kubeba kikapu, lakini nimechukuliwa mimi! Nilimringia hadi akanichukia kidogo. Kazi yangu ilikuwa kuokota nazi, na tena kulikuwa na mchezo wetu wawili. Baba alinipanga tulipokuwa njiani siku ya kwanza.

"Ukipulika wanawake wamejibu Kwea, niinulie mkono. Wakinena Bado, tia mikono nyuma. Simama mahali nikuone. Mimi sipendi kupiga kelele mara mbili."

Kupulika, kwetu, ni kusikia. Nami nilipulika kwa bidii. Akiita, macho yake yalikuwa kwangu, hayaendi kwenye ua wala kwenye mnazi. Nikiinua mkono, huyo, ameshapanda. Nilijiona nina ufunguo wa minazi yote ya kisiwa.

Jambo moja tu lilikuwa likinisumbua. Nikimwita kwa nyuma hakuwa akinijibu. "Baba! Baba!" Kimya, anakwenda zake. Nilidhani amekasirika. Hapo nilianza kuhesabu makosa yangu ya siku hiyo, sukari niliyoramba, jina baya nililomwita Athman, sala ya alfajiri niliyojifanya nimeisali. Kisha angegeuka, anione, acheke, nami nishukuru Mungu kwamba nimesamehewa. Nilisamehewa mara nyingi sana mwaka ule bila kujua kwamba sijawahi kushtakiwa.

Karibu na nyumba ya Bi Rukia kulikuwa na gofu la nyumba ya kale. Ukuta mmoja tu ndio uliosimama, mrefu, wa mawe ya matumbawe, chokaa yake imebanduka, matundu ya boriti yako wazi kwa safu. Nilikuwa naupanda kidogo kidogo baba akiwa juu ya mnazi. Matumbawe hukata, nilirudi na viganja vyekundu nikamficha mama. Siku moja nilianguka kutoka kimo cha kiuno, nikamwona baba amesimama ananitazama. Nilingoja kipigo. Akaja, akaweka kiganja chake kati ya tumbo langu na jiwe.

"Usiukumbate ukuta," akasema. "Uwate upumue, usiulalie. Tafuta pa mguu kwanza, mkono utajitafutia wenyewe."

Kisha akaenda zake kufunga kikapu. Nimefunzwa na makocha wa lugha nne tangu siku hiyo, na wote, mwisho wa maneno yao, wamesema hayo hayo.

Mume wa Bi Rukia alifariki mwaka huo. Bi Rukia akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba yake, haonekani na mwanamume asiye maharimu wake. Arobaini ya marehemu ilipokaribia zikahitajika nazi za kupikia, na wifi yake akampeleka mtu amwite baba. Mnazi wao, kimo cha gofu lenyewe, ulikuwa nje kidogo ya ua wa makuti, gofu upande wa pili, na ua katikati.

Baba akaita. Mimi nilikuwa nimesimama chini ya gofu, kwenye pembe iliyochomoza nje ya ua, mahali anaponiona. Sauti ya wifi ikatoka uani, "Bado! Bado kwanza!"

Nikatia mikono nyuma. Baba akachuchumaa shinani kungoja. Nikangoja na mimi, nikangoja kama mtoto wa miaka tisa anavyongoja, yaani mpaka mdudu wa kwanza alipopita. Alikuwa mjusi. Alipanda ukutani akaingia katika tundu, na mimi nikataka kuona ameishia wapi. Nikatafuta pa mguu kwanza. Nikaufikia upeo wangu wa siku zote, na siku ile, sijui kwa nini, sikuogopa. Nikaupita. Nikainua mkono wa kulia moja kwa moja juu ya kichwa, nikashika tundu la boriti, nikavuta. Nikashika la pili. Nilikuwa nasikia pumzi yangu tu. Mara pakawa hapana tena ukuta wa kushika, nimefika, nimekaa juu ya gofu miguu huku na huku.

Nikainua macho. Mbele yangu, kimo changu kabisa, alikuwa baba. Alikuwa katika makuti ya mnazi, mkono mmoja umezunguka kole la nazi, na alikuwa ananichekea. Niwaambie ukweli, nimevishwa nishani mbele ya watu wengi wanaopiga makofi, na hakuna kilichofika pale. Tulikuwa sisi wawili juu ya dunia nzima.

Ndipo wanawake walipopiga mayowe.

Bi Rukia alikuwa ameinama kwenye beseni, kichwa wazi, wifi yake anammiminia maji ya kuosha nywele. "Yuu! Mtu yuu!" wifi alilia, akionyesha juu kwenye makuti. "Kombo! Kombo, huna haya? Mwanamke yuko edani!"

Baada ya sala ya alasiri walimweka baba kwenye baraza ya msikiti. Mkubwa wa shemeji zake Bi Rukia, Bwana Shee, alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotisha. Sisi watoto tulisimama mbali kidogo.

"Kombo, uliita?"

"Naliita."

"Ukajibiwa?"

Baba alikuwa akitazama midomo yake. "Sikujibiwa," akasema. "Nalikwea bila ya kungoja. Kosa ni langu."

"Kwa sababu gani?"

Watu wakangoja sababu, wangekuwa radhi na sababu yoyote, hata ya uongo. Hakuitoa.

Na mimi nilikuwa pale, hatua kumi kutoka kwake, nina sababu mdomoni. Kwa sababu nilikuwa nimeshafikiri mchana kutwa, na nimeona. Niliinua mkono. Nilikuwa nashika tundu, lakini yeye kule shinani aliona mkono umeinuliwa, na mkono ulioinuliwa maana yake Kwea. Nilimpandisha mimi. Nikatia mikono nyuma, nikaiacha sababu mdomoni.

Jioni ile mama alilia jikoni. "Ungaliwambia hupuliki! Ungaliwambia masikio yamekutoka! Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Mkwezi kiziwi atakwitwa na nani?" baba akajibu, kwa sauti ile ya juu ambayo baadaye ilizoeleka nyumbani kwetu, hata siri zetu zikawa za mtaa mzima.

Nikasimama nyuma ya mlango, na mwaka mzima ukajipanga upya. Hakuwa amekasirika nikimwita. Hakuwa amenichukua kwa kuwa ananipenda kuliko Athman. Alichukua masikio, na Athman alikuwa hapatikani, yuko chuoni, akisoma Kurani, asubuhi zote. Na hayo masikio aliyoyaamini yakapanda ukutani kumfuata mjusi.

Bi Rukia mwenyewe alisamehe kabla eda haijaisha, akatuma mtu kwa mama aseme hivyo. Watu ndio hawakusamehe. Si kwamba walimtukana, walikuwa wakimwamkia vizuri na kumuuliza hali, ila mnazi wakamwita mwingine. Vijana wakambadilisha jina wakamwita Kombo wa Bi Rukia. Akaenda kufua nazi za mfanyabiashara mmoja pale Mtangawanda, ameketi kutwa mbele ya kifuo, chuma kile cha kupasulia makumbi, akimenya nazi walizoangua wengine. Mtu aliyekuwa akiona bahari pande zote mbili za kisiwa, sasa anaona magoti yake. Nilimpelekea chakula mara nyingi, na kila mara nilikuta amesita na nazi mkononi, anatazama juu, kwenye vichwa vya minazi. Nilikuwa naweka bakuli nikakimbia.

Kukwea sikuacha. Nilikuwa naupanda ukuta ule kila nipatapo nafasi, kwa hasira, na yeye akipita njia ile hakuwa akinisemesha. Alitazama kidogo akaenda. Nikasema moyoni, haya, hatanisamehe, na ana haki.

Nilikwenda Nairobi kusomea ualimu, na huko mwenzangu wa chumba akanipeleka kwenye ukumbi wenye ukuta wa mbao. Nilivua viatu nikapanda. Kocha, mwanamke wa Nyeri anayeitwa Wambui, aliacha chai yake.

"Wee, ngoja. Kwenu ni wapi? Kuna mlima gani huko?"

"Pate. Hakuna hata kichuguu."

"Acha jokes. Nani alikufunza kuweka miguu hivyo?"

Nikamwambia hakuna. Niliwahi kusema hivyo kwa Wambui, na kwa waandishi wa magazeti, na kwa watu wa viatu wanaonilipa nivae viatu vyao, hakuna, hakuna, nilijifunza peke yangu. Ualimu niliumaliza, darasani sikuingia hata siku moja. Mashindano yalifuatana. Kwenye kazi yangu tunafungiwa nyuma ya pazia tusiuone ukuta kabla ya zamu, tumekaa, tunangoja kuitwa. Wenzangu hutetemeka, hutembea huku na huku, wengine hutapika. Mimi hukaa kimya nimetia mikono nyuma, na Wambui hudhani naomba dua. Nilijua mapema gharama ya kutongoja.

Idd ya mwaka juzi nilikwenda nyumbani. Nilishuka Mtangawanda, nikapanda bodaboda, nikamkuta baba barazani, mweupe ndevu zote, kiziwi kabisa. Athman alikuwa amemwekea mashindano yangu kwenye simu, na alikuwa akiyatazama tena na tena bila sauti. "Mguu!" alikuwa akiifokea simu. "Mguu kwanza!" Nilimkalia karibu. Nilikuwa nimefika miaka thelathini na mbili, nimechoka kuwa mwoga chini na jasiri juu. Baba alisoma herufi za Kiarabu tu, basi nikachukua daftari la mtoto wa Athman, nikaandika kwa herufi za chuoni nilizozisahau nusu: Baba, siku ya Bi Rukia walijibu Bado. Mimi niliinua mkono kushika ukuta. Ukadhani nakwambia ukwee. Kosa lilikuwa langu. Nisamehe.

Akasoma kwa kidole, neno kwa neno, kama anavyosoma msahafu. Akarudia mwanzo. Kisha akanitazama kwa mshangao wa kweli.

"Mkono ule? Mkono ule haukuwa wangu. Ulikuwa wa ukuta. Nalikuona. Mato yangu hayakuwa na kasoro." Akagusa kope zake.

Nikaandika: Mbona basi ulikwea?

"Ulikuwa ushapita kati. Nikaona, huyu yeo atafika yuu. Na mwana akifika yuu mara ya kwanza hutazama tini, na akitazama tini huingiwa na khofu, akaanguka. Nikwite? Nikikwita utageuka, utazame tini vile vile. Nikanena, na niwe yuu mbele ya mato yake, atazame mimi." Akafunga daftari. "Wallahi nalisahau wanawake. Nalisahau kama kuna nyumba."

Nilikuwa nalia. Nikalifungua daftari tena, nikaandika kwa herufi mbaya kuliko zote: Kwa nini hukuniambia miaka yote?

Alilainisha ukurasa kwa kiganja.

"Ulikuwa ukiweka bakuli ukikimbia," akasema. "Nalidhani wanionea haya."

Tulikaa pale hadi adhana ya magharibi, ambayo mimi niliisikia na yeye akaiona kwa watu kuanza kuinuka. Nikamshika mkono tukaenda hadi mlango wa msikiti. Nilidhani tumepata wakati. Nilimwahidi nitarudi Idd ya pili nimpeleke Nairobi auone ukuta kwa macho yake, nikapanga hata kiti atakachokalia. Idd ya pili nilikuwa na mashindano. Baada ya hapo Athman akapiga simu.

Bado nakwea, mwili haujakataa. Ukifika juu ya ukuta unatakiwa ushike kishikio cha mwisho kwa mikono miwili, utulie, mpaka mwamuzi akubali, ndipo uruke chini kwenye godoro. Wengi hutazama chini kwa kocha wao, au wakapunga mkono. Mimi hugeuza shingo nikatazama kimo changu, upande wa pili wa ukumbi, mahali ambapo hakuna kitu ila taa na hewa. Natazama mpaka mwamuzi anapoita jina langu mara ya pili. Watu hudhani natafuta kamera.